Utumbo Ukizibwa na Saratani, Mwulizeni Mgonjwa Kwanza

Asalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni.

Wauguzi na matabibu mliotoka vituo vya afya, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na ninyi ndugu mnaouguza wagonjwa majumbani, ahsanteni kwa kuja. Mimi ni daktari wa upasuaji, na kazi yangu kubwa ni ya tumbo. Mmeniita nieleze stenti za utumbo, vile vimirija vya waya vya kufungulia njia iliyoziba, kwa wagonjwa wa saratani: ni kitu gani, kinamfaa nani, kinamdhuru nani. Nitaeleza. Lakini kuna neno moja nitalirudia kila mara leo, kwa sababu ndilo linalosahaulika kwenye korido za hospitali zetu. Utumbo ukizibwa na saratani, mgonjwa ana njia zaidi ya moja mbele yake, na mtu wa kwanza kuulizwa anaitaka ipi ni mgonjwa mwenyewe.

Tuanze na utumbo wenyewe. Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa kama mita moja na nusu. Unaanzia chini kulia, karibu na kidole tumbo, unapanda hadi chini ya ini, unavuka kwenda kushoto, unashuka, halafu unapinda kuelekea njia ya haja kubwa. Upande wa kulia ni mpana na kinyesi bado ni majimaji. Kufika kushoto njia imekuwa nyembamba, maji yamefyonzwa na choo kimekuwa kigumu. Ndiyo maana uvimbe wa kulia unaweza kukua muda mrefu, ukawa unammaliza mtu damu kidogo kidogo bila kuziba kitu, wakati uvimbe wa kushoto huizunguka njia na kuibana mapema. Wengi wanaoletwa usiku tumbo limefura, tatizo lao liko kushoto.

Huko kufura kuna hatari ambayo macho hayaioni. Pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye utumbo mpana kuna vali, na kwa watu wengi vali hiyo hairuhusu kitu kurudi nyuma. Basi mbele pamezibwa na uvimbe, nyuma pamefungwa na vali, na hewa na choo vinaendelea kujaa katikati. Mara nyingi panapopasuka si pale penye uvimbe. Ni kule mwanzo kabisa wa utumbo mpana, chini kulia, kwa sababu ndipo palipo papana kuliko pengine pote na ukuta wake ni mwembamba. Tukiona kwenye picha sehemu hiyo imefikia upana wa sentimita 12, tunajua muda umebaki mfupi. Ikipasuka, kinyesi kinamwagika tumboni. Hapo mazungumzo ya stenti yamekwisha; ni upasuaji wa kuokoa roho, na wengi hatuwaokoi.

Sasa wa nyumbani na wa zahanati mnisikilize hapa, maana ninyi mnamwona mgonjwa kabla yetu. Mtu aliyekosa choo siku mbili tatu lakini bado anatoa upepo, huyo anaweza kuwa na choo kigumu tu. Mtu ambaye hata upepo hautoki, tumbo limevimba na kukaza, maumivu yanakuja kwa mawimbi, na baadaye anaanza kutapika, huyo msimpe dawa ya kuharisha. Msimpe chumvi ya haluli. Msimpe mitishamba ya kusafisha tumbo. Dawa hizo zinaulazimisha utumbo kusukuma, na mbele hakuna pa kutokea. Mkimpa, mnamsogeza kwenye kupasuka. Huyo apelekwe hospitali usiku huo huo, na asile wala kunywa njiani.

Tena dalili zilikuwapo kabla. Ukimkalisha mgonjwa ukamuuliza taratibu, atakwambia miezi kadhaa choo kilibadilika, mara kinafunga mara kinaharisha, kimekuwa chembamba, na damu aliiona. Alidhani bawasiri. Wakati mwingine sisi wenyewe wahudumu tulimwambia ni bawasiri, au amiba, au vidonda vya tumbo, tukampa dawa bila hata kuvaa glavu na kumpima kwa kidole. Mwaka 2020 peke yake watu wapatao milioni 1.9 duniani walikutwa na saratani ya utumbo mpana na njia ya haja kubwa, na zaidi ya laki tisa walikufa nayo. Mtu wa miaka hamsini anayetoa damu haja kubwa anastahili kipimo cha kamera, hata kama bawasiri anayo. Wapo walio na vyote viwili.

Niongeze pia kwamba si kila utumbo ulioziba umezibwa na saratani. Huku kwetu tunaona sana utumbo uliojisokota, hasa kwa wanaume, na tunaona ngiri zilizonasa na makovu ya operesheni za zamani. Hao matibabu yao ni mengine, na stenti haiwahusu. Kwa hiyo anayefika hupewa kwanza dripu, huwekewa mpira wa puani kupunguza yale yaliyojaa tumboni, hupigwa eksirei, na panapowezekana CT skani, ili tujue pameziba wapi, pameziba kwa nini, na kama pameshatoboka.

Kwa miaka mingi jibu la uvimbe ulioziba kushoto lilikuwa kisu. Operesheni inayofahamika zaidi ina jina la Henri Hartmann, mpasuaji wa Ufaransa aliyeieleza mwaka 1921. Kipande chenye uvimbe kinakatwa, mwisho wa chini unashonwa na kufungwa, na mwisho wa juu unatolewa nje kwenye ngozi ya tumbo. Choo kinatokea hapo na kuingia kwenye mfuko. Ni operesheni nzuri na imeokoa watu wengi, nami ninaifanya. Ila inafanywa usiku, kwa mgonjwa aliyepungukiwa maji na chumvi za mwili, mara nyingi mzee, mara nyingi amekonda, na utumbo umejaa kinyesi. Hatari yake ni kubwa mara kadhaa kuliko operesheni hiyo hiyo ikifanywa mchana kwa mtu aliyeandaliwa. Na ule mfuko tunaomwambia mgonjwa kwamba ni wa muda, kwa wengi unabaki mpaka mwisho, kwa sababu operesheni ya pili ya kurudisha utumbo haifanyiki.

Stenti ilikuja kujibu shida ya usiku ule. Mwaka 1991 daktari Dohmoto alichapisha taarifa ya kuiweka kwa mgonjwa ambaye saratani yake haikuwa ya kukatwa tena. Mwaka 1994 madaktari wa Zaragoza, Hispania, wakiongozwa na Tejero, wakaeleza namna ya kuitumia kama hatua ya kwanza: fungua njia leo, mgonjwa apate nguvu, umfanyie upasuaji siku nyingine kwa utulivu. Hizo kazi mbili ndizo zilizobaki mpaka sasa. Ama inawekwa ikae hapo maisha yote yaliyobaki, ama inawekwa kwa muda mfupi kumvusha mgonjwa kwenda kwenye upasuaji. Ziwekeni mbali mbali akilini, kwa sababu faida zake na hatari zake hazifanani.

Chenyewe ni kitu cha waya mwembamba uliosukwa kwa matundu, kama dema la kuvulia samaki, chenye urefu wa sentimita 6 hadi 12. Mara nyingi waya huo ni wa nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani, madini yenye tabia ya kukumbuka umbo lake. Ukiukunja unakubali kukunjika, lakini ukiuachia ndani ya joto la mwili unarudi ulivyokuwa. Kwa hiyo stenti inabanwa ndani ya mrija wenye unene wa milimita 3 na kidogo, halafu ikishafika mahali pake inaachiwa, inatanuka yenyewe hadi milimita 24 au zaidi. Hatuipulizi kwa puto. Kuutanua uvimbe kwa puto ni kuutafutia tundu.

Mgonjwa hapasuliwi. Anapigwa enema kusafisha sehemu ya chini, analala kwa ubavu wa kushoto, anapewa dawa ya usingizi mwepesi, na kamera inapita njia ya haja kubwa hadi pale penye uvimbe. Tunatafuta kitundu kilichobaki, na mara nyingi kimebaki kidogo sana. Tunapitisha waya laini mpaka upande wa pili huku tukiangalia kwenye eksirei ya moja kwa moja. Stenti inafuata juu ya waya huo. Tunahakikisha imeuzidi uvimbe kwa angalau sentimita 2 kila upande, kisha tunaiachia. Mara nyingine hewa na choo vinaanza kutoka hapo hapo, na wauguzi wa chumba cha kamera wanajua kujiandaa. Kwa wengine inachukua siku moja au mbili, kwa kuwa stenti inaendelea kufunguka polepole. Mgonjwa aliyekuwa hawezi hata kulala chali anakaa kitandani na kuomba uji. Ninawaeleza hili kwa furaha ya kweli, maana ni tiba chache zinazomtuliza mtu upesi hivyo bila kumwachia kidonda.

Mkishafurahi nami, nipeni nafasi niwaambie yaliyo magumu.

Mwaka 2004 watafiti walikusanya taarifa za wagonjwa 1,198 waliowekewa stenti ya utumbo mpana. Ilikaa vizuri kwa 94 kati ya kila 100, na njia ikafunguka kwa 91. Takwimu hizo zilisifiwa sana. Ndani yake kulikuwa na haya pia: karibu 4 kati ya 100 walitoboka utumbo, karibu 12 stenti ilihama kutoka mahali pake, na 7 njia iliziba tena kwa sababu uvimbe ulipenya kwenye matundu ya waya au ukaota juu yake. Tena hizo zilikuwa taarifa za wataalamu waliokuwa wakieleza kazi zao wenyewe. Uholanzi walipolinganisha stenti na upasuaji kwa kuwagawa wagonjwa kwa kura, utafiti wao ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu madhara ya siku 30 za mwanzo upande wa stenti yalionekana kuongezeka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 na yalitutia wengi hofu, na ilikuwa hofu ya haki. Kwa mtu ambaye saratani yake ingeweza kukatwa yote akapona, kumtoboa utumbo pale pale penye uvimbe ni kumwaga chembe za saratani tumboni mwake. Unaweza kumgeuza mtu wa kupona akawa mtu wa kutulizwa.

Baadaye ukaja utafiti wa Uingereza uitwao CReST, uliochapishwa mwaka 2022, wenye wagonjwa 245. Kati ya waliojaribiwa stenti, njia ilifunguka kwa takribani 82 kati ya kila 100. Mnaona hapo, si 91. Vifo vya mwezi wa kwanza havikutofautiana kwa namna ya kutegemewa baina ya pande mbili, wala siku za kulala hospitali. Saratani kurudi ndani ya miaka mitatu nako hakukutofautiana. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye mfuko. Upande wa upasuaji wa dharura, karibu theluthi mbili walitoka na mfuko wa choo. Upande wa stenti walikuwa chini ya nusu.

Msimamo wangu, baada ya kuyasoma hayo na kuwahudumia wagonjwa, ni huu. Kwa mgonjwa ambaye saratani imeshasambaa na haitakatwa, uvimbe uko kushoto, pameziba mahali pamoja, na mtaalamu mwenye uzoefu yupo, stenti ndiyo iwe ya kwanza kufikiriwa. Chama cha wataalamu wa endoskopia wa Ulaya, yaani wanaopima na kutibu kwa kamera, kinasema hivyo pia katika mwongozo wake wa mwaka 2020. Mgonjwa huyo anakwenda nyumbani mapema, anaanza dripu za saratani mapema kama zipo, na siku zake hazimaliziki akiuguza kidonda cha operesheni. Kwa mgonjwa anayeweza kupona, stenti ni suala la kukaa chini na kujadili. Mzee mwenye moyo dhaifu, kisukari na mapafu mabovu anaweza kufaidika sana kwa kupewa wiki mbili za kujiimarisha kabla ya operesheni. Kijana mwenye afya, aliye mikononi mwa mpasuaji mzuri, huenda upasuaji wa moja kwa moja ukawa njia bora zaidi. Na pale ambapo anayetaka kuiweka amewahi kuweka chache tu, nasema wazi kwamba mgonjwa wa kupona asiwe wa kujifunzia.

Wapo pia ambao tusiwaguse na stenti. Utumbo ulioshatoboka, hapana. Uvimbe ulio chini sana, sentimita chache tu kutoka tundu la haja kubwa, hapana, kwa sababu stenti itamwachia maumivu, hamu ya choo isiyokwisha, na choo kisichozuilika. Mgonjwa mwenye uvimbe ambao bado haujaziba, hapana, hata ndugu wakisema "tuweke mapema kujihami". Anayetumia au anayetarajiwa kutumia bevasizumabu, dawa inayozuia uvimbe kuota mishipa ya damu, mwambieni daktari kabla, maana stenti na dawa hiyo zikikutana hatari ya kutoboka huongezeka. Uvimbe wa kulia, mara nyingi upasuaji ndio unaofaa. Na saratani iliyotapakaa tumboni, kama ile ya ovari au ya tumbo la chakula, ikaubana utumbo mwembamba mahali panne au patano, hapo stenti haina kazi. Ukifungua pamoja, pengine pote pamefungwa bado. Nitarudi kwa hao.

Nimeutaja mfuko mara kadhaa, na sitaki nipite juu juu, kwa sababu ndipo maamuzi mengi ya wagonjwa yanapolala.

Nimekaa na wazee wa Kiislamu ambao hofu yao ya kwanza walipoambiwa kuhusu mfuko haikuwa kufa. Ilikuwa swala. Nitaingiaje msikitini? Udhu wangu utasimamaje, na choo kinatoka bila mimi kukizuia? Mimi si shekhe, kwa hiyo niliwauliza wanaojua. Jibu ni lile la mwenye udhuru wa kudumu: anajisafisha, anaufunga mfuko vizuri, anatia udhu wakati wa swala ukishaingia, anaswali, na kinachotoka bila hiari yake hakimbatilishii ibada. Jibu hilo limewatuliza watu wengi kuliko dawa zangu. Ningependa kila wadi ya upasuaji iwe na namba ya shekhe na ya mchungaji wanaolifahamu jambo hili.

Kisha kuna akina mama wanaoogopa kuachwa. Kuna mkulima anayeuliza atainamaje shambani. Kuna bei ya mifuko yenyewe, na kuna mahali haipatikani kabisa, watu wanafungia mifuko ya plastiki na vitambaa, ngozi inachubuka, harufu inawafanya wajitenge na mikeka ya familia. Kwa hiyo mgonjwa akisema hataki mfuko, msimwone mjinga asiyejua thamani ya uhai. Mwulizeni anaogopa nini hasa. Wengine ukishawaeleza na ukawakutanisha na mtu anayeishi na mfuko na anaendelea na biashara yake, wanakubali. Wengine watasema bado hawataki, na hao ndio ambao stenti inaweza kuwa heshima kubwa kwao, wakiwa wamezielewa hatari zake.

Sasa wa kuulizwa ni nani? Kwetu daktari akitoka chumbani anakutana na kaka mkubwa, shemeji na mjomba. Kikao kinakaliwa pale pale koridoni. "Daktari, usimwambie, atakata tamaa." Ninaelewa. Ni upendo, nami ni mtoto wa familia kama hizo. Lakini mgonjwa aliyelala pale ndiye anayejua kama anataka kusafiri kwenda kijijini kumwona mama yake kabla ya yote, au anataka kupigana na ugonjwa kwa kila kilichopo, au amechoka. Stenti, operesheni, mfuko, dawa peke yake: kila njia inampa kitu na kumnyima kitu. Tutachaguaje kwa niaba yake bila kujua anachokitaka? Wazee wangu, kaeni kikao, ndiyo desturi yetu na ina hekima yake. Ila kikao kikaliwe kitandani kwake, naye akiwamo. Na kisingoje usiku wa dharura. Mtu mwenye uvimbe unaojulikana, choo kimeanza kuwa chembamba, huyo ndiye wa kuongea naye mchana, akiwa anakaa na kunywa chai.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya Ulaya, hapa stenti tutaipata wapi. Kwa stenti za utumbo mpana ni kweli wanaoziweka ni wachache, bei ni mzigo kwa familia, na bima nyingi zinasuasua. Lakini tazameni Tenwek, pale Bomet, Kenya. Ukanda ule una saratani nyingi ya koo la chakula, watu wanafika hawawezi kumeza hata mate. Madaktari wa Tenwek walianza kuweka stenti za koo, na mwaka 2001 wakachapisha namna ya kuziweka bila mashine ya eksirei ya moja kwa moja, kwa kamera peke yake, kwa sababu ndicho walichokuwa nacho. Mamia kwa mamia ya wagonjwa wamemeza tena chakula kwa kazi hiyo. Mwaka 2016 ukaundwa muungano wa watafiti na matabibu wa saratani ya koo barani Afrika, AfrECC, na ndani yake ukazaliwa mpango wa kupata stenti kwa bei nafuu na kufundisha wataalamu katika nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwamo. Utumbo mpana ni kazi ngumu zaidi ya koo, hilo sikatai. Lakini njia imeshaonyeshwa na watu wa hapa: hospitali chache zenye wagonjwa wengi, timu moja inayorudia kazi hiyo hiyo mpaka mkono ukazoea, na ununuzi wa pamoja. Kutawanya stenti kila hospitali ya wilaya kutatuletea matumbo yaliyotoboka.

Nilisema nitarudi kwa wale ambao stenti haina kazi kwao, waliobanwa mahali pengi. Hao ndio wanaoambiwa "hakuna la kufanya, mpelekeni nyumbani". Lipo la kufanya. Mwaka 1985 Mary Baines na wenzake wa hospisi ya St Christopher's, London, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiopona, walionyesha kwamba mgonjwa wa namna hii anaweza kutulizwa kwa dawa, bila kisu na mara nyingi bila mpira wa puani. Morfini kwa maumivu. Dawa ya kuzuia kichefuchefu kama haloperidoli. Haiosini, ile Buskopani tunayoifahamu wote, kwa kupunguza misokoto na maji yanayojaa utumboni. Deksamethasoni kupunguza kuvimba kwa nyama zinazouzunguka utumbo, na mara nyingine utumbo unafunguka kwa muda. Tena kwa sindano ndogo ya chini ya ngozi, kwa sababu anatapika. Dawa hizi nyingi ziko kwenye maduka yetu ya dawa na si za bei kubwa. Ukiacha metoklopramidi, dawa ya kutapika inayousukuma utumbo, kwa mtu aliyeziba kabisa, maana itamzidishia maumivu, muuguzi aliyefundishwa anaweza kuzisimamia nyumbani kwa mgonjwa. Uganda wamefanya hivyo: Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 kwa morfini ya maji ya kunywa, na mwaka 2004 nchi hiyo ikaruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa tiba shufaa, yaani tiba ya kumtuliza mgonjwa asiyepona, kuandika morfini. Mgonjwa wa namna hii anaweza kunywa supu kidogo kwa ladha yake, akalowanisha midomo, akaongea na wajukuu. Kutapika mara moja kwa siku, kwake, ni afadhali kuliko mpira puani siku zote, na wengi ukiwauliza wanasema hivyo.

Nimeletewa maswali kwa karatasi, nijibu mawili.

La kwanza, mama mmoja anauliza mume wake amewekewa stenti, ampikie nini. Mama, ogopa nyuzinyuzi na vitu vinavyoganda. Muwa, embe lenye nyuzi, mahindi ya kuchoma, kande, kisamvu, ganda la chungwa na zile ngozi zake za ndani, hivyo aviache. Mpe wali laini, uji uliochujwa, viazi vya kupondwa, samaki asiye na miba, mayai, mtindi, supu. Ale kidogo kidogo, atafune sana, anywe maji ya kutosha. Laktulosi au dawa nyingine ya kulainisha choo aliyoandikiwa aitumie kila siku hata kama anaona anaendelea vizuri, kwa sababu choo kigumu kikikwama ndani ya stenti tunarudi tulikotoka. Akipata maumivu makali ya ghafla, homa, damu nyingi, au upepo ukaacha kutoka tena, mlete hospitali saa hiyo hiyo, na useme mlangoni kwamba ana stenti ya utumbo.

La pili linauliza kama stenti inatolewa baadaye. Ikiwa imewekwa kwa ajili ya kumvusha mgonjwa kwenda kwenye upasuaji, inatoka pamoja na kipande cha utumbo kinachokatwa, kwa kawaida baada ya wiki mbili hivi. Ikiwa ya kumtuliza, haitolewi. Inashikana na uvimbe na kubaki. Ikiziba, tunaweza kupitisha nyingine ndani yake. Ikihama, wakati mwingine inatoka na choo, wakati mwingine tunaifuata kwa kamera. Na kama mgonjwa mwenyewe atasema hataki nyingine, basi zile dawa nilizozitaja zipo, na timu ya tiba shufaa inapaswa kuwa imeshamjua kabla ya siku hiyo. Waliokuja na wagonjwa wao leo, wauguzi wa tiba shufaa wako meza ya pale karibu na mlango. Waandikisheni sasa, hata kama bado wanatembea.